Mwongozo kamili: bia chachu ya Flanders nyumbani, kutoka seti hadi pipa la mwaloni

Kupika bia hii ni kazi ya saa nne. Kinachofuata huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na muda huo karibu wote unapigania jambo moja: hewa isiingie kwa wingi. Anayelifahamu hilo mapema hupata bia nyekundu, kavu, yenye uchachu safi na harufu ya cheri. Asiyelifahamu huishia na lita ishirini za siki.

Bia tunayoizungumzia ni ile nyekundu ya Flanders Magharibi, Ubelgiji. Mfano wake unaojulikana zaidi ni Rodenbach ya mji wa Roeselare, ambayo hulazwa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni kwa takriban miaka miwili, kisha huchanganywa na bia changa. Usiichanganye na lambiki ya bonde la mto Senne. Lambiki huachwa ichachuliwe na vijidudu vinavyotua kutoka hewani, na hilo halipatikani ndani ya seti, yaani kifurushi cha viungo vya bia kinachouzwa tayari. Hapa vijidudu vyote vinakuja kwenye pakiti, na ndiyo maana mtu wa nyumbani anaweza kuimudu.

Kumbuka pia kwamba uchachu hautoki kwenye pipa. Unatoka kwa bakteria, Lactobacillus na Pediococcus, wanaogeuza sukari kuwa asidi ya laktiki. Hamira pori ya Brettanomyces inamalizia sukari ambazo hamira ya kawaida haiziwezi, na inasafisha uchafu ulioachwa na bakteria. Pipa linaleta ladha ya mbao, ukakasi kidogo, na oksijeni inayopenya polepole kwenye mbao. Oksijeni kidogo inasaidia. Ikizidi, Acetobacter, bakteria wa siki, anaamka na kugeuza pombe kuwa siki.

Kilichomo ndani ya seti

Seti nzuri ya lita 20 huwa na takriban vitu hivi:

- unga wa kimea, yaani shira iliyokaushwa, kilo 2.4 (au shira ya kimea, kilo 3)
- kimea cha karameli na cha rangi, kilichosagwa, gramu 500
- maltodekstrini, gramu 250
- hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) zenye asidi alfa, ile iletayo uchungu, ya asilimia 4 hivi, gramu 30
- pakiti ya mchanganyiko wa hamira na bakteria
- vipande vya mwaloni, gramu 30 hadi 60

Maltodekstrini, unga wa wanga uliovunjwavunjwa, isikushangaze. Hamira ya kawaida haiigusi, na faida yake iko hapo hapo: inabaki kuwa chakula cha bakteria na Brettanomyces miezi mingi baadaye. Ukiiacha, bia itakuwa kavu mapema lakini haitachachuka vya kutosha.

Hopsi ni chache kwa makusudi. Uchungu wa IBU 10 hadi 15 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia) unatosha, kwa sababu Lactobacillus wengi hudumazwa na hopsi. Usishawishike kuongeza nyingine ulizonazo jikoni.

Pakiti ya hamira ndiyo roho ya seti nzima, kwa hiyo angalia tarehe. Mchanganyiko unaotumika sana ni Wyeast 3763 Roeselare. WLP655 ya White Labs nao hufanya kazi hiyo hiyo. Kama seti yako imekuja na hamira kavu ya kawaida pamoja na kichupa cha asidi ya laktiki ya kumimina mwishoni, utapata bia yenye ladha ya limau iliyotiwa chumvi kidogo. Nunua pakiti ya mchanganyiko kando na uache hicho kichupa.

Vifaa, na kwa nini uvitenge

Utahitaji sufuria ya lita 15 au zaidi, ndoo ya kuchachushia ya lita 25, chupa kubwa ya kioo, mpira wa kuhamishia, haidromita (kipimo kinachoelea, kinachoonyesha sukari iliyobaki kwa kulinganisha uzito wa bia na wa maji, ambayo ni 1.000), kipimajoto, vali ya maji (kile kifaa kinachoruhusu gesi itoke bila hewa kuingia) na dawa ya kuua vijidudu ya aina ya asidi isiyohitaji kusuuzwa.

Chochote cha plastiki au mpira kitakachogusa bia hii kisirudi kwenye bia ya kawaida. Brettanomyces na Pediococcus hujificha kwenye mikwaruzo, na kusugua hakuwatoi. Kioo na chuma kisichoshika kutu husafishika kabisa, kwa hiyo havina shida. Weka alama ya rangi kwenye mpira, vali na ndoo ya bia chachu. Miezi sita baadaye hutakumbuka ipi ni ipi.

Siku ya kupika

Anza na maji. Klorini ya bomba ikikutana na hamira hizi hutoa harufu ya plasta ya hospitalini, nayo haiondoki. Kuchemsha huondoa klorini ya kawaida, lakini kloramini hubaki. Robo ya kidonge cha metabisulfiti (chumvi yenye salfa) kwenye lita 20 huondoa zote mbili ndani ya dakika chache.

1. Pasha lita 10 za maji hadi nyuzi 68 za Selsiasi. Tia kimea kilichosagwa kwenye mfuko wa kitambaa, ukizamishe dakika 30. Joto lisipite nyuzi 76, maana maganda yataachia ukakasi mbaya. Nyanyua mfuko, uache uchuruzike wenyewe.

2. Zima moto kabla ya kumimina unga au shira ya kimea. Ukimimina huku moto unawaka, shira inazama, inashika chini na kuungua. Koroga hadi iyeyuke yote, kisha washa tena.

3. Ikianza kuchemka, kaa karibu. Povu hupanda ghafla na kufurika. Likishatulia, tia hopsi na uhesabu dakika 60. Maltodekstrini iingie dakika 10 za mwisho, kidogo kidogo, vinginevyo itafanya mabonge.

4. Poza haraka: sufuria ikae kwenye beseni la maji ya barafu hadi ifike nyuzi 20 hivi. Kuanzia hapa kila kinachogusa woti, yaani maji matamu ya kimea, kiwe kimeshapitishwa kwenye dawa. Ni kweli tunakaribia kutia bakteria kwa mkono wetu wenyewe, lakini tunataka hao tuliowanunua, si wale wa kwenye mwiko.

5. Mimina kwenye ndoo, ongeza maji baridi yaliyochemshwa hadi ifike lita 20, koroga kwa nguvu dakika mbili ili hewa iingie. Hii ndiyo mara ya pekee utakayoikaribisha hewa. Pima: haidromita isome kati ya 1.050 na 1.056.

6. Tia pakiti nzima. Usiikuze kwanza kwenye woti kidogo kama wafanyavyo watu kwa bia za kawaida. Ndani ya pakiti kuna jamii ya vijidudu iliyopimwa uwiano wake. Ukiikuza, hamira inayokwenda kasi itawafunika wengine.

Wapo wanaochachusha kwanza kwa hamira safi na kuleta bakteria baadaye. Bia inatoka, lakini hamira ya kwanza inakuwa imekwisha kula karibu kila kitu na uchachu unabaki mdogo. Kwa anayetaka uchachu wa kweli kutoka seti moja, tunashauri mchanganyiko uingie siku ya kwanza.

Wiki nne za mwanzo

Weka ndoo mahali pa giza penye nyuzi 18 hadi 22. Siku ya pili au ya tatu povu litapanda, na baada ya wiki moja litashuka. Acha hadi wiki ya tatu au ya nne, haidromita ikaribie 1.015, ndipo uihamishe. Usiiache miezi kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu plastiki hiyo hupitisha oksijeni.

Ukionja sasa utavunjika moyo. Haina uchachu, ni bia ya kahawia ya kawaida yenye utamu kidogo. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Pipa, au vipande vya mwaloni?

Sehemu hii ndiyo inayoharibu bia nyingi, basi tuikalie kidogo.

Pipa la kawaida la mvinyo lina lita 225. Pipa la nyumbani la lita 20 linaonekana kama mdogo wake, lakini kwa kila lita ya bia lina eneo la mbao kubwa zaidi ya mara mbili. Ladha ya mbao inaingia haraka kwa kiwango hicho, na oksijeni pia. Mbao za mapipa madogo mara nyingi huwa nyembamba, kwa hiyo hali inazidi kuwa kali. Bia inayohitaji mwaka mzima kuchachuka haiwezi kukaa mwaka mzima ndani ya pipa dogo jipya bila kuwa maji ya ubao yenye siki.

Kwa hiyo, kama huna pipa lililokwisha tumika, ushauri wetu ni chupa ya kioo na vipande vya mwaloni. Gramu 30 za vipande vya mchemraba vilivyookwa kiasi cha wastani zinatosha lita 20 kwa miezi mingi. Gramu 60 ni kwa mtu mwenye hakika kwamba anapenda mbao. Vichemshe dakika tano, umwage maji yale (yamebeba ukali wa mwanzo), kisha uvitumbukize. Jaza chupa hadi shingoni. Katika nyumba nyingi njia hii inatoa bia bora kuliko pipa dogo, ingawa haipendezi kwenye picha.

Ukiwa na pipa, fanya hivi.

Kwanza ukubwa. Seti ya lita 20 hubaki lita 18 au 19 ukiacha machicha chini ya ndoo, na pipa hunywa nyingine. Nunua pipa la lita 15. Zinazobaki zihifadhi kwenye chupa za kioo zenye vali, zitumike kujazia. Pipa la lita 20 linahitaji seti mbili. Pipa lisilojaa lina hewa juu ya bia, na hewa hiyo ndiyo makao ya Acetobacter.

Pili, livimbishe. Jaza maji ya moto ya nyuzi 70 hadi 80, ulaze pipa upande mmoja saa chache, kisha upande wa pili. Litavuja mwanzoni, mbao zikinywa maji zinabana. Likiendelea kuvuja baada ya siku mbili, pengo dogo huzibwa kwa nta ya nyuki kutoka nje. Pipa jipya lirudie kuloweshwa mara kadhaa kwa maji mapya hadi maji yanayotoka yasiwe na rangi ya chai nzito. Usitumie dawa yenye klorini kamwe: inatengeneza harufu ya ukungu wa kizibo kilichooza, na pipa halitapona.

Kama pipa lilikuwa na pombe kali, usichome kibiriti cha salfa ndani yake. Mvuke uliobaki unaweza kulipuka.

Watu wengine hupaka nta ya mishumaa nje ya pipa dogo, sehemu zote isipokuwa ncha moja, ili kupunguza hewa inayopenya. Ni jambo la busara na tunaliunga mkono.

Kabla ya kujaza, toboa tundu la milimita 2.5 hadi 3 katikati ya uso wa pipa na ugongomelee msumari wa chuma kisichoshika kutu. Ukitaka kuonja, chomoa msumari, bia kidogo itachuruzika kwenye glasi, uurudishe. Msumari wa chuma cha kawaida utaleta ladha ya kutu. Tundu hili linakuepusha na kufungua kizibo cha juu, na kila ukikifungua kizibo unaingiza pumzi nzima ya oksijeni.

Hamisha bia kwa mpira, ncha yake ifike chini ya pipa, isirushe matone wala kutoa sauti ya kububujika. Jaza hadi tundu la juu. Weka vali ya maji wiki mbili tatu za mwanzo, kisha kizibo kizima cha silikoni.

Miezi ya kungoja

Joto liwe tulivu, nyuzi 18 hadi 22. Likipita 25 kwa muda mrefu siki inakuja kwa kasi. Kinachosumbua hata zaidi ni joto linalopanda na kushuka kila siku, kwa sababu bia inapanuka na kusinyaa, na kila inaposinyaa inavuta hewa.

Ongeza maji kwenye vali kabla hayajakauka. Sentensi hii ni fupi lakini imeokoa bia nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwongozo huu.

Jazia pipa kila wiki sita hadi nane. Onja mwezi wa kwanza, kisha kila mwezi, kijiko kimoja tu. Unachopima kwenye pipa dogo ni mbao, si uchachu. Siku utakayosema "mbao imezidi kidogo kuliko ninavyotaka", ihamishie kwenye kioo siku hiyo hiyo, iendelee kuchachuka huko. Kwa pipa jipya hilo linaweza kutokea baada ya wiki nne. Kwa pipa lililotumika mara nyingi, miezi minne hadi sita.

Uchachu huanza kusikika karibu na mwezi wa nne na hukua hadi mwaka, wakati mwingine miezi 18. Wenye kipima pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba yake hushuka uchachu ukizidi, wakiona kati ya 3.2 na 3.5 wamefika. Chini ya 3.0 bia inachoma meno.

Utakayoyaona, na yapi ni ya kuogopa

Utando mweupe juu ya bia, wenye mapovu au mikunjo, ni kawaida. Unaonyesha kuna oksijeni kidogo na vijidudu vinaifanyia kazi. Uache ulivyo. Kinachotisha ni manyoya ya kijani, meusi au ya waridi: huo ni ukungu, na mara nyingi unatokana na chombo kisichojaa.

Bia nzito inayovutika kama ute wa yai ni kazi ya Pediococcus. Inachukiza kuiona, lakini ni hatua inayopita. Brettanomyces hula ute huo ndani ya miezi miwili au mitatu. Harufu ya siagi nayo ni ya Pediococcus, na inaondoka kwa njia hiyo hiyo. Usiweke kwenye chupa bia iliyo katika hali hizi.

Ladha ya uji uliochacha au ya kizimba cha panya, inayokuja sekunde kadhaa baada ya kumeza, hutokea mara nyingi baada ya oksijeni kuingia wakati wa kuhamisha au kutia chupani. Baadhi ya watu hawaisikii kabisa. Mara nyingi hupotea baada ya wiki au miezi chupani.

Harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni jambo jingine. Hiyo ni asidi ya siki iliyoungana na pombe, na haipungui. Ikiwa kidogo, changanya bia hiyo na bia changa. Ikiwa kali, mwaga, na usitumie tena pipa lile kwa bia.

Uchachu haba baada ya mwaka? Tazama kwanza hopsi, kisha umri wa pakiti. Unaweza kuongeza gramu 100 za maltodekstrini iliyochemshwa kwenye maji kidogo, pamoja na machicha ya chupa mbili tatu za bia chachu isiyochujwa wala kupashwa joto. Halafu ungoje miezi mingine mitatu au minne.

Kuchanganya

Rodenbach ya kawaida ni robo ya bia iliyozeeka na robo tatu ya bia changa. Grand Cru yao ina theluthi mbili ya iliyozeeka. Nyumbani, changanya kwenye glasi kwanza: mililita 80 za bia yako na 20 za bia laini ya kahawia, halafu 70 na 30, hadi upate inayokupendeza. Lakini bia changa ina sukari ambayo Brettanomyces atailipua chupani. Mchanganyiko uingie kwanza kwenye chupa kubwa na kukaa hadi haidromita itulie tena, miezi miwili au zaidi.

Matunda yanaingia hapa pia. Gramu 100 hadi 200 za cheri kwa lita, miezi miwili, basi.

Kutia kwenye chupa

Pima haidromita mara mbili, mwezi mmoja katikati. Namba zisibadilike, na ziwe chini ya 1.008. Huu si urasimu: kila pointi moja inayoshuka ndani ya chupa iliyofungwa, tuseme kutoka 1.007 hadi 1.006, inaongeza takriban ujazo nusu wa gesi, yaani nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Pointi nne zinatosha kupasua chupa ya kawaida.

Bia iliyokaa mwaka imepoteza gesi yake karibu yote, na hamira iliyobaki imechoka. Kwa hiyo:

- sukari gramu 6 kwa lita, yaani gramu 108 kwa lita 18, ichemshwe kwenye kikombe cha maji na kupozwa
- hamira kavu ya shampeni, gramu 2 hadi 3 kwa lita 18, iloweshwe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15

Hamira ya shampeni inavumilia asidi kuliko hamira ya bia. Bila hiyo bia inaweza kukaa miezi minne bila povu lolote. Weka sukari na hamira chini ya ndoo, uhamishie bia juu yake polepole, ukoroge kwa upole. Tumia chupa nene za shampeni au za bia ya Kibelgiji. Chupa nyembamba za bia ya dukani usizitumie hapa. Zihifadhi ndani ya sanduku lenye mfuniko, mahali penye nyuzi 20, wiki sita hadi nane, ndipo ufungue ya kwanza. Ikiwa ina ute au ladha ya panya, zilizobaki ziache miezi mingine miwili.

Pipa likibaki tupu

Lisikae tupu hata wiki. Njia bora ni kuwa na bia nyingine tayari siku ile ile unayoitoa ya kwanza: vijidudu vimeshahamia kwenye mbao, na bia ya pili huchachuka mapema na kwa ukali zaidi. Machicha ya bia ya kwanza yanaweza kuchukua nafasi ya pakiti mpya. Kama huna bia tayari, suuza kwa maji ya moto na ulijaze maji yenye gramu 1 ya asidi ya sitriki na gramu 2 za metabisulfiti ya potasiamu kwa kila lita, ufunge, na uongezee kadiri yanavyopungua. Dawa hiyo hupunguza vijidudu sana, kwa hiyo bia itakayofuata itahitaji pakiti mpya, na pipa lisuuzwe hadi harufu ya salfa iishe.